Herufi tatu katika jiji la lugha nne

Mwanafunzi wa Bujumbura hababaishwi na maneno marefu ya Kiingereza. Mwoneshe "administration", "declaration", "obligation" au "transport", atayasoma bila kukuna kichwa, kwa sababu ameshakutana nayo kwenye vitabu vya Kifaransa. Mkabidhi waraka wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, vifungu ndani ya vifungu, ataupitia mpaka mwisho na kukueleza unasema nini. Kisha mtume Kampala akaanze chuo. Siku ya kwanza mwenyeji wake anamwambia haraka haraka achukue mizigo yake, apande gari, waondoke kabla hawajalowa na mvua. Ndani ya maneno hayo machache kitenzi kimoja kinaweza kurudi mara nne: "get your bags", "get in", "get going", "get wet". Yule aliyeumaliza waraka wa forodha anabaki amesimama na mizigo miguuni.

Jambo hili linajirudia mno miongoni mwa watu wetu hata haliwezi kuitwa uvivu wa mwanafunzi au udhaifu wa mwalimu. Lina sababu, na sababu zenyewe zimo ndani ya lugha: Kirundi, Kifaransa na Kiswahili tunazoishi nazo, na Kiingereza tunachokifuata. Kamusi huandika kwamba "get" ni kupata. Si uongo, lakini anayeondoka na maana hiyo peke yake hafiki mbali. Ninachotaka kusema ni kwamba kazi zinazofanywa na kitenzi hiki, karibu zote, Mrundi anazifanya kila siku kwa lugha zake mwenyewe bila kufikiri. Mara chache sana anaambiwa hivyo darasani.

Lugha ya nne

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, siku moja na Rwanda. Mkataba wa Jumuiya, katika Ibara ya 137, ulikuwa umekitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa lugha ya kukuzwa kwa mawasiliano ya watu wote. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kuzihamisha shule zake kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Burundi haikuruka namna hiyo. Ilibaki na Kirundi cha kuanzia na Kifaransa cha kuendelea nacho, Kiingereza na Kiswahili vikaingia kama masomo tangu shule ya msingi, na mwaka 2014 sheria ikakipa Kiingereza nafasi ya lugha rasmi kando ya Kirundi na Kifaransa. Mtoto anayeingia ekofo leo, shule yetu ya miaka tisa, anakutana na lugha nne kabla meno ya utoto hayajamtoka yote. Akirudi nyumbani, redio na televisheni ya taifa, RTNB, inamsomea habari kwa lugha hizo hizo nne.

Anayekihitaji Kiingereza si mwanafunzi peke yake. Yuko mfanyabiashara anayeagiza bidhaa Dubai au China na kujibizana na muuzaji kwa simu. Yuko kijana anayeomba kazi katika mashirika ya misaada, ambako usaili mara nyingine hufanywa kwa Kiingereza hata kama kazi yenyewe ni ya vijijini na itafanywa kwa Kirundi. Ziko pia familia zetu za mbali. Maelfu ya Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972, pamoja na watoto na wajukuu waliozaliwa makambini, walianza kuhamishiwa Marekani mwaka 2007. Wazee waliokulia kwenye Kirundi na Kiswahili walijikuta katika miji ambako msimamizi wa kiwanda, nesi na dereva wa basi wote wanatumia kitenzi hiki kila wanapofungua mdomo.

Wakati huohuo Kiingereza chetu cha shule kimetujia kwa njia ya karatasi. Hapo pana tatizo ambalo watu hawalioni. Huko Uingereza kwenyewe, walimu wa vizazi vingi wamewaonya wanafunzi wasitumie "get" katika insha, eti ni neno la uvivu, na badala yake waandike "receive", "obtain", "become" au "arrive". Waandishi wa vitabu vya kiada wakafuata adabu hiyo. Matokeo yake, neno linalosikika kila dakika mitaani linapungua kitabuni, na mwanafunzi ambaye kitabu ndicho mlango wake pekee analikuta akiwa amechelewa. Watoto wa London hawadhuriki na onyo lile, kwa sababu neno wanalo tayari kutoka jikoni kwa mama zao. Wa kwetu wanalipokea onyo kabla ya kulipokea neno.

Ghorofa ya juu na sebule ya chini

Kiingereza ni nyumba ya ghorofa iliyojengwa na mafundi wa makabila mbalimbali. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, aliivamia na kuiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa baada yake mabwana wa nchi walisema Kifaransa mahakamani, kwenye kodi, kwenye sheria na mezani pa wakubwa. Maneno yao yakabaki. Ndiyo maana Mrundi aliyesoma Kifaransa anapopanda ghorofa ya juu ya Kiingereza anakuta viti anavyovijua: "justice", "government", "parliament", "commerce".

Sebule ya chini ina wenyeji wengine. Humo mna maneno ya Wajerumani wa kale waliokitangulia Kifaransa, na mna maneno ya watu wa Skandinavia, wale mabaharia ambao mwishoni mwa karne ya 8 walianza kuzishambulia pwani za Uingereza na katika karne ya 9 wakahamia na kulima. Hao ndio walioleta "get", kutoka "geta" ya lugha yao, pamoja na "take", "they", "sky" na "egg". Kiingereza kilikuwa na ndugu za neno hilo tangu zamani, na mmoja bado anajificha ndani ya "forget". Lakini "get" lenyewe, likiwa peke yake, ni la wahamiaji hao wa kaskazini.

Kwa hiyo msomi wa Bujumbura amefikishwa ghorofani moja kwa moja na Kifaransa, bila kupita chini. Anajua kuomba "authorisation" kabla hajajua kuomba chumvi. Kiswahili nacho kina mgawanyiko wa namna hii: mambo ya sheria, elimu na dini yamejaa maneno yenye asili ya Kiarabu, lakini kula, kwenda, kulala, kupika na kupata ni vitenzi vya Kibantu. Mgeni aliyejua Kiarabu angeelewa nusu ya hotuba ya kadhi, kisha akapotea kwenye mazungumzo ya watoto wawili wanaogombania muwa.

Herufi w

Tuanze na mshahara, maana hakuna asiyeuelewa. Mwingereza husema "I got paid". Mswahili husema "nimelipwa". Mrundi ana "guhemba", kulipa ujira, na "guhembwa", kulipwa ujira. Katika Kiswahili na Kirundi kazi yote ya kumgeuza mtendaji kuwa mtendwa imefanywa na w moja iliyochomekwa ndani ya kitenzi. Kiingereza hakina w hiyo. Kikitaka kusema mtu ameibiwa, amekamatwa au amefukuzwa kazi, kinatafuta neno la kusimama mbele, na katika mazungumzo neno hilo mara nyingi ni "get". Mwanafunzi akiambiwa tu kwamba hapa "get" ndiyo w yetu, anajipatia mamia ya sentensi kwa mkupuo. Hana haja ya kutafuta maana ya kupata ndani ya "he got robbed", kwa sababu haimo. Aliyeibiwa hakupata kitu.

Twende kwenye gereji za Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa jiji hili, ambako magari hufunguliwa barabarani na kurudishwa yakiwa yanaunguruma. Mwenye gari hakulitengeneza mwenyewe, alimpa fundi. Kiswahili kina kauli ya kutendesha: "nimetengenezesha gari". Kirundi kinafanya vivyo hivyo, "gukora" ikawa "gukoresha". Kifaransa kinaweka "faire" mbele: "faire réparer". Kiingereza kinasema "I got the car repaired", na kama fundi alikuwa mgumu mpaka akabembelezwa, "I got him to repair it". Hapa tena "get" imebeba mzigo ambao sisi tumeuweka kwenye mkia wa kitenzi, kwenye -esha na -isha.

Kazi ya tatu ndiyo inayowanyamazisha watu wengi zaidi: kugeuka hali. "Get tired", "get old", "get sick". Kiingereza kina sifa, yaani uchovu, uzee, ugonjwa, na kinahitaji kitenzi cha kuonesha kwamba mtu ameingia katika hali hiyo. Sisi hatuhitaji msaidizi. Kuchoka ni kitenzi kamili, kuzeeka ni kitenzi kamili, na Kirundi kina "kuruha", "gusaza" na "kurwara". Tena Kiswahili kinatumia -me- kwa ustadi: "amechoka" inasema kwa pamoja kwamba uchovu ulimjia na kwamba bado anao. Mzungumzaji wetu akiihamisha "amechoka" kwenda Kiingereza anapata "he is tired", ambayo ni sahihi, na anaridhika nayo. Ule mwendo wa kuelekea uchovuni unapotea. Ndiyo maana utamsikia mtu aliyesoma Kiingereza miaka mingi akisema vizuri kabisa kwamba amechoka, ana njaa, ni mgonjwa, lakini asiweze kusimulia jinsi alivyochoka, alivyoshikwa na njaa na alivyougua, hatua kwa hatua.

Kuna la ndoa pia. "Get married" haisemi nani ameoa na nani ameolewa. Kwa Mswahili hiyo ni habari nusu.

Njia iko ndani au iko nje?

Sababu nzito kuliko zote ilielezwa na mwanaisimu wa Marekani, Leonard Talmy, katika kazi yake ya mwaka 1985. Aliuliza swali dogo: mtu anaposogea, lugha huweka wapi habari ya njia aliyopita, ndani ya kitenzi au nje yake? Lugha zikagawanyika makundi mawili makubwa.

Hebu tuzipime zetu. Kiswahili kina panda, shuka, ingia, toka, amka, fika. Kila kitenzi kimebeba njia yake tumboni. Ukisema "shuka" hakuna anayeuliza kwenda juu au chini. Kirundi kina "kumanuka", "kwinjira", "gusohoka", "kuvyuka", "gushika". Kifaransa, ambacho si ndugu yao kwa ukoo, kinafanya mambo yaleyale: "monter", "descendre", "entrer", "sortir", "se lever", "arriver". Lugha tatu za mtoto wa Bujumbura zimekubaliana kwamba njia huwekwa ndani.

Kiingereza kinaiweka nje. Kinachukua kitenzi kisicho na njia yoyote, kisha kinakibandika kipande kidogo: "get in", "get out", "get on", "get off", "get up", "get down", "get through", "get across", "get back". Sikio letu limezoea kutega habari kwenye kitenzi. Linakisikia "get", linakishika kwa nguvu, linasubiri kitoe maana, na wakati linasubiri, kile kipande kidogo chenye habari yote kimeshapita. Tena katika mdomo wa Mmarekani t iliyo katikati ya irabu mbili hulainika, "get it" ikasikika kwetu kama "gerit", na "get out of it" ikawa kama neno moja lisilo na mwanzo wala mwisho.

Kwa kukosa mahali pa kushika, mtu wetu hukimbilia ghorofani. Anasema "I descended from the bus", "I entered the car", "I obtained a job". Hakuna kosa la sarufi hata moja. Lakini msikilizaji wa Nairobi au Minnesota anamwona kama mtu anayesoma hukumu, na hilo linaumiza zaidi kuliko kosa, kwa sababu mtu mchangamfu, mcheshi, mwenye masimulizi, anaonekana mkavu katika lugha mpya. Nimewasikiliza Warundi wengi ambao kwa Kirundi ni wasemaji wa kupendeza wakiwa wadogo na baridi katika Kiingereza, na si kwa upungufu wa maneno. Maneno wanayo, ila ni yale ya barazani kwa mkubwa.

Pata yetu

Inafaa sasa kuitazama "pata" yenyewe, kwa sababu ina utajiri ambao Waswahili tunaukalia bila kuuhesabu. Tunapata pesa, kazi, mtoto. Tunapata pia ajali na ugonjwa, vitu ambavyo hakuna aliyevitafuta. Tunaulizana "umenipata?" tukimaanisha umenielewa, sawa kabisa na "get" ya Mwingereza. Tunasema "sijapata kuona jambo kama hili", na hapo hakuna kitu kilichopokelewa. Ni nafasi au tukio ambalo halijawahi kuwa. Tunasema "ilikuwa yapata saa tatu" na "watu wapatao mia", ambapo kitenzi kimekuwa kipimo cha kukadiria. Na kisu kinachokata vizuri, wazee husema kinapata.

Kuna hata mahali ambapo "pata" inamgeukia mtu. "Yaliyompata" ni masaibu yake, na aliyefiwa "amepatwa na msiba": huyu hakupata kitu, kitu kimempata yeye.

Ukianza kuinyambua, unakuta Burundi nzima ndani yake. Sokoni Ruvumera, ambako wachuuzi wengi walihamia baada ya soko kuu la jiji kuungua Januari 2013, muuzaji na mnunuzi wanapatana bei. Waliogombana wanapatanishwa. Nchi yetu ilitoka vitani kupitia mapatano yaliyotiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Na ukimtafuta ndugu aliyezima simu, sauti ya mtandao hukujibu kwa Kiswahili kwamba namba unayopiga haipatikani. Ndani ya tangazo hilo fupi mna "piga" na "pata", vitenzi viwili ambavyo mgeni anayejifunza Kiswahili hutoka navyo jasho kama sisi tunavyotoka jasho kwa "get".

Kuhusu "piga" mtu anaweza kuandika gazeti zima. Fundi wa Buyenzi hupiga msasa, hupiga rangi, hupiga honi kuijaribu. Mwanawe hupiga mswaki, hupiga pasi shati la shule, hupiga mpira jioni na kupiga magoti akisali. Hakuna anayepigwa katika hayo yote. Nomino inayofuata ndiyo inayobeba habari, na "piga" kazi yake ni kuisukuma tu iwe tendo. Kirundi kinatumia "gutera" kwa mtindo huohuo, mara nyingine hatua kwa hatua na Kiswahili: kupiga mpira ni "gutera umupira", kupiga pasi ni "gutera ipasi", kupiga sindano ni "gutera urushinge", kupiga hatua ni "gutera intambwe". Kisha "gutera" inaendelea na safari zake mwenyewe, inapanda miti, inatia hofu, inaleta maendeleo. Na "kugira" je? "Kugira umwana" ni kuwa na mtoto, "kugira ubwoba" ni kuogopa, "uriko ugira iki?" ni unafanya nini, "kugira ngo" ni ili. Tunapoagana tunasema "mugire amahoro". Anayekimudu kitenzi hicho tangu akiwa mgongoni mwa mama yake ana akili ya lugha inayohitajika kwa "get", na zaidi.

Wazee wa kamusi

Ugumu wa vitenzi vidogo umewatesa hata mabingwa. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, ambayo toleo lake la kwanza lilichapwa kwa mafungu kuanzia 1884 na kukamilika 1928, ilijikuta ikitumia nafasi yake kubwa kabisa si kwa maneno ya falsafa au tiba, bali kwa maneno ya herufi tatu. Katika toleo la pili, la 1989, bingwa alikuwa "set", mwenye maana zipatazo 430 na maelezo ya maneno kama 60,000, urefu wa kitabu kizima. Mwaka 2011 ikajulikana kwamba katika toleo la tatu linaloandaliwa, "run" imempita: maana 645 kwa kitenzi peke yake. Mhariri Peter Gilliver alikaa nayo miezi tisa.

Waswahili nao wana wazee wao wa kamusi. Mwaka 1939 ulikuwa wa neema: ndipo ilipotoka kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson, na mwaka huohuo likatoka juzuu la kwanza la kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ya Padre Charles Sacleux, kazi ya miaka mingi ya mmisionari aliyesikiliza pwani kwa makini. Fungua "piga" au "pata" ndani ya kamusi nzuri ya Kiswahili, iwe ya wazee hao au Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, na utaona mambo yaleyale: neno fupi, safu ndefu.

Mtu mmoja alijaribu kuugeuza ugumu huu kuwa dawa. Charles Kay Ogden wa Cambridge alitangaza mwaka 1930 Kiingereza cha Msingi, lugha ya maneno 850 tu, ambayo aliamini ingefaa dunia nzima. Vitenzi alivyobakiza vilikuwa 18, na "get" kilikuwamo. Hesabu yake ilikuwa kwamba ukiwa na "get", "put", "take", "give" na vichache vingine, ukavibandika vile vipande vya njia, hutahitaji maelfu ya vitenzi. Kuingia kutakuwa "get in", kupona kutakuwa "get well", kuelewa kutakuwa "get it". Winston Churchill aliusifu mpango huo hadharani alipokuwa Harvard mwaka 1943. Haukushika. Ogden aliwapunguzia wageni maneno ya kukariri, lakini aliyemwondolea mwanafunzi "recover" na kumpa "get over" amempa maneno mawili rahisi na maana moja ambayo haitokani na lolote kati yake. Mfaransa au Mrundi angechagua "recover" bila kusita.

Hata hivyo nadhani Ogden aliona kitu cha kweli. Alitambua kwamba moyo wa mazungumzo ya Kiingereza uko kwenye vitenzi hivi na si kwenye ghorofa ya juu, na kwamba anayeviepuka hatazungumza, atasoma tu.

Namna ya kukifundisha

Madarasa mengi ya jioni hapa mjini hufundisha "get" kwa orodha. Mwalimu anaandika ubaoni "get up", "get off", "get over", "get along", "get by", anaweka tafsiri ya Kifaransa kando, wanafunzi wananakili. Wiki ijayo orodha nyingine. Walimu hawa wanajitahidi, wengi wakiwa na wanafunzi wengi na vitabu vichache, na siwalaumu. Lakini orodha inachanganya mambo ya aina tofauti kabisa: "get up" ina njia inayoonekana kwa macho, "get paid" ni kauli ya kutendwa, "get tired" ni badiliko la hali, na "get along" ni kifungu kilichoganda ambacho hakina kanuni. Kuyaweka safu moja ni kumwambia mwanafunzi kwamba yote ni ya kukariri, wakati robo tatu ya kazi hiyo angeifanya kwa kuelewa.

Ningetamani mwalimu aanze na w. Aandike kulipwa, kuibiwa, kuitwa, kufukuzwa, na wanafunzi watafute "get" zao. Siku nyingine wazichukue -esha na -isha za gereji. Za njia ziachiwe mwili: darasa zima lisimame, liketi, litoke nje, lipande benchi na kushuka, huku masikio yakifundishwa kutega kwenye kile kipande cha mwisho na si kwenye kitenzi. Mtoto aliyecheza mitaani Bwiza au Kinama hatasahau alichofanya kwa miguu yake.

Vile vifungu vilivyoganda vinabaki, na kwa hivyo hakuna njia ya mkato. Kila kimoja kifundishwe na mahali pake pa kutumika. "Get by", kwa mfano, ukiieleza kwa maneno ya kamusi haieleweki. Lakini mwambie Mrundi kwamba ndiyo "se débrouiller" ya Kifaransa, ndiyo "kwirwanako" ya Kirundi, mtu anayeuza vocha asubuhi na kubeba abiria kwa pikipiki jioni ili watoto wale, naye hatahitaji mfano wa pili.

 Vitabu vya ekofo vitakapoandikwa upya, ningeomba ukurasa mmoja tu wenye safu nne: nimelipwa, "guhembwa", "être payé", "get paid". Chini yake nimechoka, "kuruha", "se fatiguer", "get tired". Chini yake shuka, "kumanuka", "descendre", "get off". Mwalimu wa Kirundi aupitie, wa Kifaransa aupitie, wa Kiswahili naye, na wa Kiingereza awe wa mwisho kuufungua.